Namba tatu za mikoko ya Rufiji: ipi uandike kwenye ripoti yako?

Leo siasa na mpira tuweke pembeni kidogo, tuongee habari za shule. Msimu wa ripoti ukifika, hapa Bungu kafe na steshenari zenye kompyuta zinajaa hadi mlangoni. Vijana wa vyuo wanarudi nyumbani kufanya fildi, wengine wanajiandaa na mitihani, na ukikaa nusu saa tu utasikia swali lile lile likitoka kiti cha jirani: "Kaka, hii saiti ni ya kuaminika?"

Swali zuri, ila likiulizwa hivyo halijibiki. Ni sawa na kuuliza kama Kariakoo kunauzwa vitu orijino. Vipo, na feki vipo, tena wakati mwingine duka moja. Swali lenye jibu ni hili: hii namba niliyoiona hapa, nani aliihesabu, lini, na alihesabu nini hasa?

Ngoja nitoe mfano wa hapa hapa kwetu, maana mifano ya Ulaya inatuchosha.

Kijana mmoja wa chuo alikuwa anaandika ripoti kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji. Akaingia Google, akatoka na namba tatu. Ukurasa wa kwanza ulisema delta ina hekta 596,908. Wa pili ukasema 53,255. Wa tatu ukasema kama 48,000 hivi. Akachagua ile kubwa, kwa sababu ilikuwa kwenye ukurasa uliopendeza kuliko yote, una picha za rangi na nembo ya taasisi ya kimataifa. Msimamizi wake akaizungushia kalamu nyekundu na kuandika neno moja tu: "Chanzo?" Ripoti ikarudi. Na kwa ratiba ya chuo chake, ripoti ikirudi mara mbili unasubiri mwaka ujao. Ada nyingine hiyo, na mzee nyumbani anategemea korosho.

Sasa cha ajabu, wadau: zile namba tatu zote ni za kweli!

Hiyo 596,908 ni ukubwa wa eneo linaloitwa Rufiji-Mafia-Kilwa, ambalo Tanzania iliingiza kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar mwezi wa kumi mwaka 2004. Ramsar ni mkataba wa mataifa wa kulinda ardhi oevu, ulisainiwa Iran mwaka 1971. Eneo hilo lina mikoko ndiyo, lakini lina bahari pia, lina matumbawe, lina visiwa vya Mafia, linashuka mpaka Kilwa. Ukiandika kwamba delta ina mikoko hekta laki sita kasoro, umepanda mikoko mpaka juu ya matumbawe. Mwalimu anayeijua delta atacheka, halafu atakufelisha.

Hiyo 53,255 ndiyo mikoko yenyewe. Inatoka kwenye kazi ya kuhesabu mikoko yote ya Tanzania Bara iliyofanyika kati ya 1989 na 1991, kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na watu kwenda kuangalia kwa macho. Mtaalamu mkubwa wa kazi hiyo alikuwa marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa Bara nzima walipata kama hekta 115,500. Kwa hiyo Rufiji peke yake ilikuwa karibu nusu. Namba hiyo imenakiliwa kwenye ripoti nyingi mno, na nyingi hazisemi kwamba ni ya zaidi ya miaka 30 iliyopita. Wanaandika tu "Delta ina hekta 53,255" kana kwamba mtu alipita jana na futi kamba.

Na ile 48,000 inatoka kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ambao watafiti walitumia picha za setilaiti kulinganisha mikoko ya pwani yote ya Tanzania Bara mwaka 1990 na mwaka 2000. Kwa Rufiji walipata karibu hekta 49,800 kwa 1990, na karibu 48,000 kwa 2000.

Hapa ndipo pana mtego, na naomba tukae nao kidogo kwa sababu nimeona watu wazima wenye digrii wakinasa. Mwanafunzi anachukua 53,255 ya Semesi, anatoa 48,000 ya setilaiti, anapata hekta elfu tano na ushee. Anaandika kwa herufi nzito: "Katika muda wa miaka 10 delta imepoteza karibu asilimia 10 ya mikoko yake." Inasikika vizuri sana! Inafaa hata gazetini. Lakini si sahihi, kwa sababu ametoa hesabu ya setilaiti kwenye hesabu ya ndege. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Ni kama kupima mpunga kwa debe ukiwa shambani, halafu ukiufikisha mashineni upime kwa kilo, ukiona namba hazifanani unasema umeibiwa. Ukitumia kipimo kimoja, yaani setilaiti na setilaiti, kilichopungua ni hekta kama 1,800, chini ya asilimia 4.

Asilimia 10 na asilimia 4, tofauti yake ni nini kwa mtu wa Salale au Mbwera? Ni kubwa sana. Mtu akisoma asilimia 10 anaweza kusema hawa watu wa delta wanamaliza msitu, tuwatoe. Akisoma asilimia 4 anaweza kusema tukae nao tuzungumze. Maneno yanayoandikwa juu ya kwetu mara nyingi yanaandikwa na watu ambao hawajawahi hata kupanda boti Nyamisati, na wanaosoma ni watu wa ofisini wenye mihuri.

Mnadhani natia chumvi? Tukumbushane ya kamba. Mwaka 1997 serikali iliupitisha mradi wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba ndani ya delta, mabwawa ya hekta kama 10,000. Karatasi za mwenye mradi zilionyesha kwamba faida ni kubwa na madhara yanadhibitika. Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, lilikuwa limezichambua karatasi hizo na kushauri mradi usipitishwe. Wanasheria wa mazingira na waandishi wa habari wakaingia, na wakazi wa delta wakaenda Mahakama Kuu. Mradi haukujengwa. Sasa fikiria wewe ni mwanafunzi unayeandika habari hiyo, umepata ripoti moja tu, ile ya mwenye mradi. Ina ramani, ina majedwali, ina majina ya madaktari wa falsafa. Kwa macho ni ya kuaminika kabisa. Kinachokusaidia hapo ni kuuliza: aliyelipia hii ripoti anataka nini? Sisemi kila anayelipia anadanganya. Nasema ukijua nani kalipa, unajua wapi pa kusoma mara mbili, na unajua ipo ripoti ya upande wa pili ya kutafuta.

Hata vita inaeleweka hivyo. Wale wa historia mnaijua meli ya Kijerumani Königsberg, ile iliyoipiga meli ya Waingereza Pegasus pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, halafu ikaja kujificha kwenye mito ya delta. Tarehe 11 Julai 1915 ikaishia humo. Ukisoma kurasa za upande wa Uingereza nyingi zitakwambia meli zao Severn na Mersey ziliiangamiza. Ukisoma za upande wa Ujerumani utaambiwa mabaharia waliilipua wenyewe baada ya kuharibika, isichukuliwe na adui, kisha wakazitoa bunduki zake kubwa na kupigana nazo nchi kavu. Yote mawili yamo kwenye tukio moja: ilipigwa mpaka ikawa haifai, kisha wenyewe wakaimalizia. Anayesoma upande mmoja anapata nusu ya hadithi. Na pande zote mbili zinasema kidogo mno kuhusu Warufiji waliokuwa wanabeba hiyo mizigo. Hilo nalo ni la kulitazama: ukurasa unasema nini, na unamnyamazia nani.

Haya, turudi kwenye tarehe, maana ndiyo inayoangusha wengi.

Bungu yetu leo iko Wilaya ya Kibiti. Lakini kwenye sensa ya 2012 Kibiti haikuwa wilaya, ilikuwa ndani ya Rufiji, na Rufiji ile ilikuwa na watu 217,274. Kwenye sensa ya 2022 Kibiti na Rufiji zimehesabiwa kila moja kivyake. Mtu akichukua Rufiji ya 2012 akailinganisha na Rufiji ya 2022 bila kujua mpaka umebadilika, analinganisha nyumba nzima na chumba. Na ukitafuta utafiti wa zamani kwa kuandika "Kibiti District" hupati kitu, unafikiri hakuna aliyewahi kuandika kuhusu kwetu. Vipo vingi tu! Vimeandikwa "Rufiji District". Kwa karatasi za wakoloni wa Kijerumani andika "Rufidji", ndivyo walivyokuwa wakiandika.

Ni hivyo hivyo kwa Selous. Kurasa za zamani zinazungumza Pori la Akiba la Selous kama kitu kimoja, wakati mwaka 2019 sehemu kubwa ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bwawa nalo: kurasa za miaka ya 2000 zinalitaja la Stiegler's Gorge kama mpango wa siku zijazo, leo ni Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ujenzi ulianza 2019 na umeme ukaanza kutoka 2024. Ukurasa wa 2005 hausemi uongo. Unasema ukweli wa 2005. Wewe ndiye unayetakiwa kuangalia tarehe, na mara nyingi iko chini kabisa ya ukurasa au kwenye karatasi ya pili ya faili la PDF. Kama tarehe haipo kabisa, hilo lenyewe ni jibu.

Dokezo la haraka: ukiandika "Kibiti" peke yake kwenye Google utajaziwa habari za mauaji ya 2017. Ni historia yetu na ina uchungu wake, lakini kama unatafuta korosho au malaria itakupotezea muda unaoulipia. Ongeza neno la pili na la tatu.

Tuje kwenye anwani. Wengi mmefundishwa kwamba .go.tz ni nzuri na .com ni mbaya. Ni kweli nusu. Anwani inayoishia .go.tz ni ya serikali na .ac.tz ni ya taasisi za elimu, huwezi kwenda kuinunua tu kama .com. Kwa hiyo ukitafuta matokeo ya mtihani au takwimu za sensa, nenda moja kwa moja necta.go.tz au nbs.go.tz, achana na vile visaiti vilivyojaa matangazo vinavyojiita "matokeo" na "ajira mpya" na kutaka namba yako ya simu. Muhimu: angalia mwisho wa anwani, kabla ya mkwaju wa kwanza. Mtu anaweza kutengeneza necta-matokeo-kitu-fulani.com, neno necta limo lakini si wao.

Lakini .go.tz inakuhakikishia nani anaongea, haikuhakikishii kwamba anachosema kimepimwa vizuri au ni cha mwaka huu. Tovuti nyingi za halmashauri zina "historia ya wilaya" iliyoandikwa mara moja ikaachwa hapo. Na .ac.tz inaweza kuwa na kazi ya mwanafunzi kama wewe, mwenye haraka kama wewe. Upande wa pili, .com inaweza kuwa na jarida zito la sayansi. Anwani ni mlango, ndani unaingia mwenyewe.

Anwani inakusaidia zaidi kwenye kutafuta. Jaribu hii, inaokoa pesa:

site:ac.tz mangrove Rufiji filetype:pdf

Maana yake: niletee mafaili ya PDF tu, kutoka vyuo vya Tanzania tu. Matangazo yote yanapotea. Badilisha site:ac.tz kuwa site:go.tz upate ya serikali. Ukitaka maneno yafuatane kama yalivyo, yawekee alama za kunukuu, mfano "Rufiji delta". Na kwa wale wa baiolojia: majina ya mkoko, mchu, mkandaa na msinzi hayatakupeleka mbali, maana kila pwani ina majina yake na watafiti wengi wanaandika Kiingereza. Tumia jina la kisayansi, mfano Rhizophora mucronata. Hilo halibadiliki kutoka Bungu hadi Brazil.

Alama za kunukuu zina kazi nyingine ninayoipenda zaidi. Umekuta sentensi tamu, "delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki", na umeikuta kwenye tovuti 12. Unasema, 12 hawawezi kukosea! Ikopi ile sentensi kama ilivyo, iwekee alama za kunukuu, itafute. Utaona nyingi zimenakiliana neno kwa neno, mpaka koma. Hao si mashahidi 12, ni shahidi mmoja na kasuku 11. Tafuta yule wa kwanza, halafu muulize: mkubwa kwa kipimo kipi, na hiyo Afrika Mashariki yako inaishia wapi, Msumbiji imo au haimo?

Unakili huu si ugonjwa wa vijana wa kafe tu. Mwaka 2009 alifariki Maurice Jarre, mtunzi wa muziki wa filamu wa Ufaransa. Mwanafunzi mmoja wa chuo kule Dublin, kwa makusudi ya kujaribu, akaingia Wikipedia na kubandika maneno aliyoyatunga mwenyewe, akayafanya kama alisema Jarre. Magazeti makubwa yakayabeba kwenye taazia zao, likiwemo Guardian la Uingereza. Yangebaki mpaka leo kama mwenyewe asingejitokeza kusema. Sasa mtu akija baadaye akaona maneno yako Wikipedia na yako Guardian, si anasema yamethibitishwa mara mbili?

Je, Wikipedia tuitupe? Hapana bwana. Walimu wengine wanaikataza kama bangi, mimi siungi mkono. Isome, ikupe picha ya jumla, hasa ya Kiingereza ambayo ina mengi (ya Kiswahili ilianza 2003, ina wachangiaji wachache, kurasa zake nyingi ni fupi). Halafu shuka chini kwenye tanbihi, zile namba ndogo. Kila namba inakupeleka kwenye chanzo. Huko ndiko unakokwenda kusoma, na hicho ndicho unachoandika kwenye marejeo. Sentensi isiyo na namba, ichukulie kama maneno ya kijiweni.

Sasa wapi pa kuanzia? Mimi naanza Google Scholar, kwenye scholar.google.com. Ni Google ya makala za kitaaluma, ipo tangu 2004. Upande wa kulia ukiona neno PDF, bonyeza, hiyo ni ya bure. Usipoiona, bonyeza pale panapoonyesha matoleo mengine ya makala hiyo, mara nyingi mwandishi ameiweka bure kwingine. Kisha kuna AJOL, yaani majarida ya Afrika, ajol.info, makala nyingi ni za bure na kuna majarida mengi ya Tanzania humo. Kwa kilimo na misitu, maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Sokoine ina tasnifu za watu waliofanya kazi vijiji vya kwetu kabisa.

Na kuna hazina ambayo vijana wengi wa huku hawaijui. Kati ya 1998 na 2003 kulikuwa na mradi wa mazingira wa Rufiji, REMP, wa halmashauri pamoja na shirika la IUCN. Waliandika ripoti nyingi za kiufundi: samaki, misitu, mafuriko, kilimo cha bondeni. Mwaka 1998 pia ulianza Rufiji utaratibu wa kufuatilia afya kaya kwa kaya, kwenye kata za upande wa Ikwiriri na Kibiti, kazi ambayo iliendelea chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Vizazi, vifo, watoto, malaria, vyote viliandikwa mwaka hadi mwaka, na makala zake zimesomwa dunia nzima. Tafuta "Rufiji HDSS" kwenye Scholar, fungua makala moja, tazama orodha ya kata zilizohusika. Unaweza kukuta bibi yako amehesabiwa humo na wewe unaandika kwamba hakuna takwimu za eneo lako!

Intaneti ikiwa ya kobe, usianze kupakua faili zima. Soma muhtasari wa mwanzo, aya moja tu. Utajua walifanya wapi, lini, kwa watu wangapi. Kama haisemi hata hayo, pita.

Tahadhari na majarida ya mchongo. Yapo majarida ya mtandaoni yanayochapisha chochote ilimradi mwandishi alipe dola, hakuna mtaalamu anayesoma kabla. Yana majina makubwa ya "kimataifa". Mkutubi mmoja wa Marekani, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha ya majarida anayoyashuku, aliifunga 2017. Njia ya haraka: tazama kama jarida lina bodi ya watu wanaojulikana na vyuo vyao, na kama jarida moja linachapisha upasuaji, ushairi na ufugaji wa nyuki kwenye toleo moja, kimbia. Unaweza pia kuliangalia kwenye doaj.org, orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa.

Halafu kuna hii akili mnemba, ChatGPT na wenzake. Najua mnaitumia, tusidanganyane. Ni nzuri kukueleza neno gumu au kukusaidia kutafuta maneno ya kutafutia. Lakini ukiiambia ikupe marejeo 10 kuhusu mikoko ya Rufiji, inaweza kukutungia. Jina la mwandishi linafanana na la kweli, jarida ni la kweli, mwaka ni wa kweli, makala haipo! Inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na orodha ya marejeo kwake ni maneno kama mengine. Kila rejea iliyokupa, ikopi jina lake uibandike Scholar. Isipotokea, ifute, usibishane nayo. Msimamizi wako naye anajua kubandika.

Kuna chanzo kimoja ambacho hakipo kwenye kompyuta yoyote. Wazee wa delta wanakumbuka mafuriko, wanakumbuka kuhamishwa, wanajua mkondo upi ulikuwa na maji tamu na sasa una chumvi. Ripoti yako ikiwa na namba za setilaiti na maneno ya mzee aliyelima mpunga pale kwa miaka 50, umempita hata mtaalamu wa Dar. Ila naye mtendee kama chanzo: umwamkie, umweleze unaandika nini, umwombe ruhusa, uandike siku na kijiji, na usimtie maneno mdomoni. Akisema "miaka ile ya mafuriko makubwa", usiandike mwaka wa kubuni, muulize mtoto gani alizaliwa wakati huo, upige hesabu.

La mwisho ni la kiufundi kabisa. Kurasa zinakufa. Mradi ukiisha, tovuti inaisha, na linki uliyoiandika kwenye marejeo inafunguka kwenye ukurasa mweupe mbele ya msimamizi. Ukipata kitu cha maana kidaunlodi siku hiyo hiyo, na pembeni ya daftari andika anwani kamili na tarehe uliyoisoma. Ukikuta linki iliyokufa, nenda web.archive.org, bandika anwani pale, mara nyingi utapata nakala ya zamani. Ripoti za miradi iliyokwisha zinapatikana sana kwa njia hiyo. Na lile faili usiliweke kwenye flashi peke yake, jitumie na kwenye imeili yako. Flashi za hapa mnazijua wenyewe, unaingia na ripoti unatoka na virusi vinavyogeuza mafaili yote kuwa shotikati.